Kidonda Nyuma ya Goti

Mwaka 2014 nilikuwa msaidizi wa maabara mjini Moshi, chini ya mtafiti wa magonjwa yanayoenezwa na kupe na wadudu, mama mmoja daktari wa mifugo ambaye sote tulimwita Profesa. Mwaka mmoja kabla yalikuwa yamechapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za mji huo mwaka 2007 na 2008. Zaidi ya nusu yao walidhaniwa kuwa na malaria, lakini malaria ilithibitika kwa 14 tu, na takriban asilimia 8 ya waliopimwa homa za kundi la riketsia, bakteria wanaoenezwa na kupe, walikutwa nazo. Nilizijua takwimu hizo kwa kichwa, ila sikuwa nimewahi kumwona mgonjwa wa namna hiyo.

Siku moja tulishuka tambarare za Wilaya ya Hai kukusanya kupe kwenye ng'ombe. Kupe tuliyemtafuta hasa ni yule mkubwa mwenye miguu ya mistari na, kwa dume, mgongo wenye rangi za kung'aa, ambaye wataalamu humwita Amblyomma. Huyu hangoji kwenye ncha ya nyasi kama kupe wengine, bali hujificha chini ya majani makavu, na akihisi pumzi ya mnyama au mtu hutoka na kumkimbilia. Hupenda kung'ata kwenye kiwele na mapajani, na kwa kuwa mdomo wake ni mrefu, kumng'oa kwa kibano bila kumkata kunahitaji mkono mtulivu.

Mwenye mifugo hakutoka kutupokea. Mkewe alieleza kwamba mzee ana homa na kichwa kinamuuma sana, kwamba amekwisha kumeza dawa ya malaria aliyonunuliwa dukani, na kwamba kipimo cha damu hakikuonyesha vijidudu vya malaria. Profesa aliomba kumwona. Baada ya kumpa shikamoo alimuuliza maswali ambayo naamini kila mgonjwa wa homa anayeishi na mifugo angepaswa kuulizwa: nani hukamua, nani hulala karibu na zizi, na je, ameona kidonda chochote mwilini ambacho hakikumuuma. Mzee alifikiri kidogo, kisha akapandisha shuka. Nyuma ya goti palikuwa na kidonda kidogo chenye gaga jeusi katikati na wekundu pembeni, na tezi za kinena upande huo zilikuwa zimevimba.

Profesa alishuku riketsia, lakini hakuwa daktari wa binadamu, kwa hiyo hakumpa dawa. Alimwandikia barua daktari wa hospitali, tukampeleka kwa gari letu jioni ile ile. Njiani alinieleza kwa nini darubini isingetusaidia: riketsia huishi ndani ya chembe za kuta za mishipa ya damu, hivyo mtu anaweza kutazama damu kwenye kioo kutwa nzima asizione. Uthibitisho hupatikana kwa kuchukua damu mara mbili, mgonjwa akiwa na homa na tena baada ya wiki kadhaa, na kuona kama kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu, zimepanda mara nne au zaidi. Lakini tiba haingoji majibu hayo. Mzee alianzishiwa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, na siku ya pili homa ikashuka.

Majibu ya sampuli ya pili yalipotoka, yakionyesha kingamwili zimepanda sana, Profesa alisisitiza tumpelekee mwenyewe nyumbani, jambo ambalo watafiti wengi hulisahau. Mzee alisikiliza kwa makini, akauliza kupe huyo ameutoa wapi ugonjwa. Profesa alimjibu kwamba wengi huzaliwa nao, kwa kuwa kupe jike hupitisha riketsia kwenye mayai yake, na kwamba ng'ombe huonekana wazima lakini ndio wanaomlisha na kumsafirisha kupe.

"Na yule aliyeua ndama zangu kwa maji moyo ni huyu huyu?" mzee akauliza, akimaanisha ugonjwa mwingine wa mifugo unaoenezwa na kupe.

"Ni huyu huyu, baba."

Mzee akamwagiza mwanawe akawaite majirani wawili wenye mifugo. Mpaka jua linakaribia kuzama walikuwa wakihesabu gharama ya kulifufua josho la kijiji la kuogeshea mifugo dhidi ya kupe, nami nikiwaandikia kiasi cha dawa na maji kitakachohitajika.