Friji, insulini na betri moja: ninavyoishi mwaloni bila umeme wa gridi

Ndani ya Hiace yangu kuna friji ndogo ya volti 12, na ndani ya friji kuna insulini, dawa yangu ya kisukari. Matumizi mengine yote ya umeme humo garini yanapangwa baada ya hilo. Taa naweza kuzima, feni naweza kuiacha nikalala na joto langu, lakini insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, usiku na mchana. Ikiganda ni ya kutupa.

Kazi yangu ni kununua dagaa. Kutoka Mwanza napita Magu, Lamadi na Bunda, nakata kwenda Kibara mpaka Kisorya, navuka kwa kivuko hadi Rugezi, kisha nazunguka mialo ya kisiwa cha Ukerewe, yaani sehemu za ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki. Mzigo ukitimia unapakiwa kwenye lori kwenda soko la Kirumba, Mwaloni, jijini Mwanza, na mimi nafuata nyuma. Wakati wa giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi, wavuvi wanapoingia ziwani kila usiku, hakuna kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Dagaa wanaletwa alfajiri, wanaanikwa, unasubiri wakauke. Nyumba za wageni ziko mbali na mwalo, na si zote zenye friji ya kumwekea mtu dawa. Ndiyo maana fundi alitoa viti vya abiria, akatengeneza kitanda, akafunga paneli ya wati 200 juu ya paa na betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 chini ya kitanda.

Hesabu yake ni hii. Friji inakula wati 45 injini yake inapozunguka, na kwa joto la huku inazunguka karibu nusu ya muda wote. Kwa saa 24 ni kama wati-saa 540. Feni ndogo ya wati 15 kwa saa nane za usiku ni 120. Taa, simu mbili na mizani ya kupimia dagaa havifiki 80. Jumla ni kama 740. Paneli ya wati 200, ikipata saa tano za jua kali na ukitoa kinachopotea njiani, inaleta kama 750. Umeona palivyobana? Jua likiwaka vizuri tunatoshana nguvu. Wingu likitanda, siku hiyo naingia kwenye akiba ya betri, na akiba yenyewe ni ya siku moja na nusu tu.

Kwa hiyo nilichojifunza kukilinda ni muda. Umeme wa mchana unautumia ukiwa bado unatoka juani, na betri unaiachia usiku. Kila kinachoweza kufanyika mchana kinafanyika mchana. Simu nachaji kuanzia saa nne mpaka saa tisa alasiri, mizani vivyo hivyo. Friji mchana naiweka kwenye nyuzi 3, na chupa za maji zimejaza kila nafasi iliyo wazi ndani yake. Jua likikaribia kuzama naipandisha mpaka 6. Yale maji yaliyopoa ndiyo yanayobeba ubaridi wa usiku, injini inakaa kimya muda mrefu. Dawa yenyewe iko katikati, kwenye kikopo cha plastiki, haigusi ukuta wa kupozea, na kuna kipimajoto kidogo pembeni yake ambacho nakiangalia kabla ya kulala na nikiamka.

Kupika ni gesi, mtungi wa kilo sita. Birika la umeme la wati 1,500 kwenye betri ya volti 12 linavuta zaidi ya ampea 120. Waya zinachemka na betri inashuka huku unaitazama. Inveta nayo, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, inakaa imezimwa. Hata kama hujachomeka kitu, ikiwa imewashwa inakula. Simu zangu zinachaji moja kwa moja kwenye soketi ya volti 12, bila kupitia huko.

Wanaojua betri kuliko watu wote niliokutana nao ni wavuvi wenyewe. Miaka ya nyuma dagaa walivuliwa kwa karabai. Siku hizi mitumbwi mingi inabeba taa za LED na betri za gari. Kwenye mwalo kuna kibanda cha chaji, na asubuhi ukifika hapo utakuta betri zimepangwa juu ya mbao, kila moja imepakwa alama ya rangi ya mwenye mtumbwi. Kijana wa pale anafuta vichwa vya betri kwa kitambaa chenye maji ya magadi, anagusisha tester ya kupima volti, anasoma, ndipo anabana waya. Siku moja alinionyesha mbili zilizokaa jirani.

"Hii, mama, imerudi na 12.2. Mwenyewe anajua kuitumia. Ile pale kila siku inarudi na 11. Haifiki mwakani."

Ni kweli kabisa. Betri ya asidi, kama hizo za gari, iliyopumzika ikiwa imejaa inasoma kama volti 12.7, na ikisoma 12.2 ujue nusu imeondoka. Ukizoea kuishusha chini ya hapo unafupisha maisha yake. Mtu mwenye betri ya asidi ya ampea-saa 100 ajihesabie 50. Lithiamu inakubali kushushwa zaidi, na hiyo ndiyo sababu nililipa bei yake, ila ina tabia moja: volti zake hukaa palepale kwa muda mrefu halafu zinaporomoka ghafla. Tester haikuambii kitu. Mimi nina mita inayohesabu ampea zinazoingia na zinazotoka, ndiyo ninayoiamini. Saa kumi na mbili jioni nasoma asilimia. Ikiwa juu ya 85, feni inazunguka mpaka asubuhi. Ikiwa kati ya 60 na 85, feni inazimwa saa sita usiku, upepo wa nchi kavu ukishaanza. Chini ya 60 ni friji peke yake, na tochi.

Mahali pa kuegesha pana uzito wake. Huku kwetu majabali yako kila mahali na kivuli chake kinavutia, lakini kivuli kikigusa kona tu ya paneli, umeme unaanguka kuliko unavyodhani, kwa sababu vipande vyake vimeungwa kwa mfuatano na kimoja kikizibwa kinawabana wenzake. Kinyesi cha yangeyange kinafanya vilevile, na panapoanikwa dagaa yangeyange hawakosekani. Kila asubuhi napanda ngazi na kipande cha kanga kilicholowa, naifuta paneli kabla jua halijapata nguvu.

Dagaa na betri vinategemea jua lilelile. Siku ambayo dagaa hawakauki vichanjani, mita yangu nayo haifiki 70. Siku mbili za hivyo zikifuatana sisubiri ya tatu. Nawasha gari niende mjini Nansio na kurudi, maana kuna chaja inayochukua umeme kwenye altaneta, ile dinamo ya injini ya gari, na kuingiza ampea 20 kwenye betri ya kitanda. Saa moja barabarani ni ampea-saa 20. Kuliacha gari silensa limeegeshwa ni kuchoma mafuta bure. Bora nitembee, nione na bei za mwalo mwingine. Betri ya kuwashia gari haiguswi na chochote cha ndani, fundi aliitenga tangu siku ya kwanza. Na insulini ninayoitumia, ile iliyokwisha kufunguliwa, kwa aina yangu inavumilia wiki nne nje ya friji bila kupita nyuzi 30, kwa hiyo naishi nayo kwenye pochi kivulini. Friji inalinda za akiba.

Watu wananiuliza kama niongeze betri ya pili. Hapana. Betri ya pili bila jua la kuijaza ni mzigo wa kubeba. Nimeagiza paneli ya kukunja ya wati 100 yenye waya wa mita kumi, ili gari likae kwenye kivuli cha jabali, friji ipumue, na paneli ndiyo ikae juani.