Nilivyoishi Dar bila gari, baada ya kupoteza hotpoti

Kila nilipolalamikia usafiri, jibu lilikuwa moja: chukua mkopo, nunua kigari. Aliyenisumbua kuliko wote ni shemeji yangu. "Shem, Dar bila gari utazeeka kabla ya siku zako." Yeye ana gari, Toyota IST. Kazi yake inaisha saa kumi na moja jioni, lakini hukaa ofisini mpaka saa mbili usiku akisubiri foleni ipungue. Halafu anayezeeka ni mimi.

Kilichokuwa kinanitesa ni nyumba. Nilipanga Tabata, ndani ndani kule kutokea Bima, kwa maneno ya dalali: "Dakika tano tu mpaka kituoni, dada." Zilikuwa dakika tano kweli, za pikipiki yake. Kwa miguu ni ishirini na tano, na masika njia yote ni tope. Nikawa natoa buku ya boda asubuhi na buku jioni kabla hata sijaliona daladala. Kodi ya miezi sita nilishalipa, na ya dalali mwezi mmoja, basi nikatulia.

Asubuhi magari yalikuwa yanafika Bima yameshona. Nikajifunza kugeuza: unapanda linalorudi Segerea, tupu, unachagua dirisha, linageuza na wewe umekaa kama bosi. Nauli unalipa mara mbili, lakini unalala usingizi mzima mpaka mjini. Wale waliosimama wanakuangalia kwa jicho baya. Usiwatazame.

Jioni hakuna kugeuza, ni vita. Pale Mnazi Mmoja gari halijasimama watu wameshaanza kuingilia madirishani. Mimi na sketi yangu ya ofisini siwezi, kwa hiyo nilikuwa narusha kitu dirishani kuwahi siti. Kanga, mwamvuli, chochote. Siku moja sikuwa na kitu zaidi ya hotpoti ya chakula cha mchana, kifuniko kimelegea nikakibakiza mkononi. Nikarusha, ikatua kwenye siti vizuri kabisa. Nikazunguka mlangoni nikiwa na uhakika wangu, konda akaweka mkono: "Dada, hili haliendi, linaenda gereji." Namwambia hotpoti yangu imo ndani, kelele tupu, watu wanamgombania yeye na mlango wake. Gari likaondoka. Nikakimbia nalo hatua kadhaa, kifuniko mkononi, nikipiga bodi kwa kile kifuniko. Dereva nadhani alidhani namuaga. Kesho yake niliulizia kwa wapiga debe wote. Mmoja akaniuliza ndani kulikuwa na nini. Nikasema wali maharage. Akasema, "Basi sahau."

Kile kifuniko ninacho mpaka leo, nafunikia jagi.

Mkataba ulipokaribia kwisha niliapa sitafuti nyumba kwa dalali, na sitafuti kiangazi. Nilitoka katikati ya Aprili, mvua inanyesha, kandambili miguuni, saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa nasimama kituoni kama abiria na kuhesabu magari yanayopita yakiwa na nafasi. Halafu namuuliza muuza vitumbua, maana yeye ndiye anayejua nani anachelewa. Huko Magomeni nilikuwa karibu kulipa: mwendokasi uko mlangoni, na tangu uanze mwaka 2016 ndugu zangu wa Kimara wanausifu, siku usipojaa. Mama wa vitumbua akaniuliza nafanya kazi wapi. Nikasema Posta, katikati ya mji. "Mwanangu, Jangwani ikijaa maji utapitia wapi?" Kweli, bonde la Msimbazi likifurika barabara ya Morogoro inafungwa pale, na basi liwe la kisasa vipi halipiti. Kigamboni nako kodi ilinivutia, ila pantoni ina foleni yake, na kuzungukia daraja la Nyerere kwa daladala ni safari nyingine.

Nikaangukia Ilala, upande uleule wa bonde na kazi yangu. Chumba ni kimoja na sebule ndogo, kodi imepanda kama elfu hamsini hivi, kabati nikamwachia mdogo wangu kwa sababu halikuingia mlangoni. Ila boda imekufa, nauli ya kugeuza imekufa, na nikijumlisha naona nimebakiwa na kitu, sijui kiasi gani, hesabu sikuandika. Siku nikiamka vizuri naenda Posta kwa miguu, kama dakika hamsini, viatu vya ofisini ndani ya mkoba. Siku nyingine napanda. Kariakoo nafuata mahitaji Jumamosi mapema kabla ya jua, mzigo ukiwa mzito narudi na bajaji. Na tangu treni ya SGR ianze kwenda Morogoro mwaka 2024, nikimkumbuka mama aliye huko natembea mpaka stesheni. Nafika hazijatimia saa mbili za safari, nikiwa sijakanyagwa na mtu.

Lililonishinda ni sherehe za Mbweni, mbali kule. Ukumbi unafungwa saa nane usiku, gauni refu, na boda wa usiku simwamini. Hapo naomba lifti bila aibu, na mwenye gari ni shemeji. Ananikumbusha njia nzima.