Heri wapatanishi, hata nyumbani kwao

“Heri wapatanishi, maana hao wataitwa wana wa Mungu.” (Mathayo 5:9)

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii neno hili limenipeleka kwa Heinrich Lammasch, Mkatoliki wa Austria aliyezaliwa mwaka 1853, mwalimu wa sheria katika Chuo Kikuu cha Vienna. Upatanishi kwake ulikuwa kazi hasa, na kesi mojawapo aliyoiamua inatugusa sisi watu wa mwambao.

Wenye majahazi wa Sur, kule Oman, walikuwa wakipeperusha bendera ya Ufaransa. Manowari za Waingereza zilikuwa zikisaka majahazi yaliyobeba watumwa baharini, lakini jahazi lenye bendera ile halikupekuliwa. Hebu mfikirie mtu aliyefichwa ndani ya ngama, gizani, na juu ya mlingoti kitambaa cha rangi tatu kinamzuia mkombozi asipande. Ufaransa na Uingereza zilipeleka ugomvi wao The Hague, Uholanzi, kwenye mahakama ya usuluhishi ya mataifa. Waamuzi wa pande mbili waliposhindwa kukubaliana juu ya mwenyekiti, mfalme wa Italia alimteua Lammasch. Tarehe 8 Agosti 1905 hukumu ikatoka: tangu Januari 1892, Ufaransa haikuwa na haki ya kumpa bendera yake raia wa Sultani wa Maskati, mtawala wa Oman, isipokuwa aliyekuwa chini ya ulinzi wake kabla ya 1863. Wala kibali hakihamishiwi mtu mwingine au jahazi jingine. Mwaka 1910 akaketi tena, Marekani na Uingereza wakigombea uvuvi wa Atlantiki ya Kaskazini, ugomvi wa tangu mkataba wa 1818. Wakubwa wakamsikiliza.

Kisha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikaingia nyumbani kwake. Lammasch alikuwa mjumbe wa baraza la juu la bunge la Austria, na Februari 1918 alisimama humo akataka amani ya mapatano. Wenzake walimzomea. Yule yule aliyeheshimiwa akipatanisha wageni, kwao akaonekana msaliti. Nadhani hapo ndipo heri ile ya Bwana inapouma, maana ugomvi wa jirani hauna damu yako ndani yake.

Lakini kuna jambo linalonisumbua zaidi. Kaisari Karl wa Austria, ambaye Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri mwaka 2004, alimwomba aongoze serikali tangu 1917. Akakataa. Simhukumu, mzigo ule ungemwogopesha yeyote. Alikubali tarehe 27 Oktoba 1918, na kesho yake Wacheki walitangaza taifa lao huko Prague. Alitawala siku kumi na tano tu. Tarehe 11 Novemba Karl alitia saini ya kujitoa katika shughuli za utawala, na kazi ya Lammasch ikaishia hapo. Alifariki Salzburg tarehe 6 Januari 1920, sikukuu ya Epifania.

Nimelisoma jambo hili nikiwa na aibu. Kwenye jumuiya yetu, wawili wakigombana huniita, nami naenda, nakaa mkekani mpaka wapeane mikono. Ila nina ndugu yangu wa tumbo moja ambaye hatujasemezana tangu arobaini ya mama. Kila nikiulizwa hujibu kwamba wakati wake bado.

Jumapili, misa ikiisha, nakwenda kwake. Niombeeni.