Altezza kwa RX-8, na Milioni Mbili Juu

Mtu akikuomba gari lako la zamani, akupe lake lililo jipya kuliko hilo, na bado akuongezee pesa, huanzi kwa kufurahi. Unaanza kwa kujiuliza anakimbia nini.

Mwaka 2019 nilikuwa na Toyota Altezza RS200, rangi ya fedha, namba C, gia sita za mkono. Wanaoyajua haya magari watanielewa. Altezza zilizojaa Dar wakati ule nyingi zilikuwa AS200 za otomatiki: sura ya mbio, mwendo wa harusini. RS200 ya mkono ni kitu kingine. Chini ya boneti ina injini ya 3S-GE ya lita mbili, ile ambayo Yamaha walishiriki kuitengeneza, nguvu za farasi 210 kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika, na nguvu yote inakwenda magurudumu ya nyuma. Kwao Japani Altezza ilitwaa tuzo ya Gari la Mwaka ya 1998–1999. Kwetu tuzo yake ilikuwa vijana wa bodaboda kwenye foleni ya Mwenge: wanainama kuchungulia kama kuna pedali ya klachi, wakiiona wananinyooshea dole gumba.

Nilikuwa najaza mafuta Tegeta. Pampu ya jirani kulikuwa na Mazda RX-8 nyekundu, namba D, yaani iliyosajiliwa baada ya yangu, boneti liko juu, mwenyewe ameshika kijiti cha oili anakifuta kwa kitambaa. Jamaa wa rika langu, shati limechomekwa, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni.

"Kaka, hiyo ni RS?"

Nikamwambia ndiyo. Akaizunguka, akachuchumaa kuangalia chini, akarudi.

"Nipe hiyo, chukua hii. Nakuongezea mbili."

Mbili ni milioni mbili. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba ni mtumishi wa serikali, barua ya uhamisho imeshatoka, anatakiwa Singida mwezi unaofuata. "Kule nani atanifungulia injini hii? Ikizima Manyoni nalala na fisi. Hiyo yako hata fundi wa trekta anaijua."

Maelezo yalikuwa mazuri mno. Nimekaa kwenye haya mambo ya magari ya mitumba muda wa kutosha kujua kwamba kila gari bovu linauzwa na mtu mwenye uhamisho, mwenye msiba au anayekwenda kusoma nje. Tukapeana namba. Kijana wa pampu, ambaye kazi yake yote katika suala lile ilikuwa kushika bomba la mafuta na kusikiliza, akanisogelea dirishani: "Bosi, mkimalizana msinisahau." Dar dalali hasomei.

Fundi wangu wa siku zote, mzee wa Mwananyamala aliyekulia kwenye Land Rover, aliposikia RX-8 alikwenda kunawa mikono kwa sabuni kabisa, kana kwamba nimeshaileta. "Hiyo mimi siishiki. Haina pistoni."

Ni kweli haina. Ndani ya injini ya RX-8, iliyopewa jina la Renesis, hamna pistoni wala valvu. Kuna rota mbili za pembe tatu, mbavu zake zimetuna kama sambusa iliyojazwa vizuri, kila moja inazunguka ndani ya nyumba yake. Kwenye kila ncha kuna kipande chembamba, sili, kinachosugua ukuta wa nyumba hiyo muda wote injini inapounguruma, na ili kisiule ukuta huo, injini yenyewe inajirushia oili kidogo kidogo kwenye chumba cha moto. Kwa hiyo watu wakisema RX-8 inakula oili, wanasema kweli, ila imeumbwa hivyo. Balaa linaanza pale mwenye gari anaposahau kuongeza. Sili zinalika, mgandamizo unashuka, na siku moja unazima gari la moto ukanunue vocha, ukirudi halikubali kuwaka mpaka lipoe. Hapo ni kushusha injini nzima.

Tena kuna suala la ukubwa. Kwenye kadi ya gari imeandikwa cc 1308, mtu akisoma anawaza kigari kama Vitz. Lakini toleo la Type S, kama ile nyekundu, ina farasi 250, mshale unapanda mpaka mizunguko 9,000, na kwenye pampu linakunywa kama gari la lita tatu. Mazda ndio walioing'ang'ania injini hii wakati wengine wameitupa, tangu gari lao la Cosmo la 1967, na mwaka 1991 wakashinda nayo mbio za saa 24 za Le Mans. Hayo yote nilikuwa nayajua tangu sekondari. Na hapo ndipo penye hatari: ukikipenda kitu kabla hujakiendesha, huwezi kukikagua.

Mzee wa Mwananyamala akanielekeza kwa fundi mwingine, Sinza, kijana aliyepiga kazi miaka kadhaa kwenye gereji za Sharjah, kule Uarabuni, ambako hizi injini za rota zinapita mikononi kila wiki. Sharti lake la kwanza kwa mwenye RX-8 lilikuwa moja: "Lije limeendeshwa, lije la moto. Usiniletee la baridi."

Jamaa akaja toka Posta na foleni yote ile. Fundi akamwambia zima. Akasimama, akajibu simu, akamtuma mtoto maji, akanywa. "Haya, washa." Starta ilizunguka kidogo tu, injini ikashika. Fundi hakusema kitu, lakini niliona bega lake limelegea.

Kisha akavua tairi la mbele ili afikie plagi. Kila rota ina plagi mbili, ya juu na ya chini, na hazifanani, ukizichanganya umejitafutia kesi. Akachomoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini izunguke bila kuwaka, akafungua plagi ya rota ya mbele, akapachika geji yake ya mgandamizo. Geji ya kawaida ya magari ya pistoni haikusaidii hapa kama ilivyo, maana inashika presha ya juu kabisa na kubaki nayo. Yeye alishaitoa ile valvu ndogo ya ndani, mshale uwe huru kuruka na kurudi. Rota ina nyuso tatu, kwa hiyo mshale unatakiwa uruke mara tatu kwa kila mzunguko, na miruko mitatu iwe sawasawa. Mmoja ukiwa mfupi, ujue kuna ncha iliyochoka.

"Piga starta!"

Tukainamia geji wote watatu. Puf-puf-puf, puf-puf-puf. Kwa jicho hufaidi, mshale una haraka. Akairekodi kwa simu, akairudisha polepole: rota ya mbele, miruko mitatu iliyolingana. Akahamia ya nyuma. Pale mmoja kati ya mitatu ulikuwa chini kidogo ya wenzake. Mwenye gari alikuwa ameacha kuongea. Fundi akaipitia ile video, akairudia, akajikuna ndevu.

"Chini kidogo, lakini bado iko ndani ya kiwango. Injini ina maisha. Miaka mingapi, siwezi kukuambia, atakayekuambia ni mwongo. Koili za kuchoma plagi zimechoka zote nne. Na usije ukaiwasha ya baridi, ukaisogeza mita mbili kupisha gari la mtu, ukaizima. Itajaa mafuta, plagi zitalowa, haitawaka, na utanipigia mimi usiku."

Kwa hiyo jamaa alikuwa mkweli. Barua ya uhamisho ipo, aliitoa hata bila kuombwa, ina mhuri. Mimi nilikuwa nimejiandaa kukuta ubovu ili nikatae kwa heshima. Sasa ubovu haupo, kilichobaki ni mimi kusema nataka au sitaki, na hilo ni gumu zaidi.

Usiku ule nikakaa na kikokotozi. Kutoka Mbezi Beach hadi Posta na kurudi ni kama kilomita 40. Altezza kwenye foleni ilikuwa inanipa kilomita tisa kwa lita nikiwa mpole. Ya RX-8, mwenyewe alikiri sita, na mtu anayeuza akikiri sita, wewe andika tano na nusu. Tofauti kama lita tatu kwa siku, petroli ikiwa zaidi ya shilingi 2,000. Ile milioni mbili ingelipa tofauti hiyo kwa mwaka mmoja na ushee, kisha ningekuwa najilipia upenzi wangu mwenyewe. Bado oili. Bado matuta: RX-8 liko chini, na barabara yetu ya mtaa ilikuwa na tuta ambalo nadhani lilijengwa na mtu mwenye kisasi.

Kulikuwa na mama pia. Kliniki yake ya presha nampeleka mimi, na kila mtu pale nyumbani alikuwa na uhakika kwamba mpango wa gari lile utakwama kwake. Jamaa alipolileta alitanguliza adabu zote: "Shikamoo mama." "Marahaba baba, hili ndilo lenyewe?" Akafungua mlango wa mbele, halafu ule mdogo wa nyuma, ambao haufunguki mpaka wa mbele ufunguke kwanza, nao unafungukia nyuma. Katikati hapana nguzo. Mama akakusanya khanga yake, akageuka, akaketi, akavuta miguu ndani bila kushikwa mkono. Akatulia humo. Akapapasa lile tundu la pembe tatu kwenye kiegemeo cha kichwa.

"Mbona hili ninaingia vizuri kuliko lako?"

Mdogo wangu, aliyekuwa ameshaandaa hotuba ya kupinga, akaingia zake ndani.

Jumapili alfajiri tukatoka na magari yote mawili barabara ya Bagamoyo, kupita Bunju, kabla trafiki wa tochi za kupima mwendo hawajapata chai. Kwanza nikashika RX-8. Nitasema ukweli wangu: chini ya mizunguko 4,000 ni gari la kawaida kabisa, Vitz yenye dereva mwenye hasira inakuacha. Halafu linapanda. Halitetemeki, halipigi kelele ya kuumia, linapanda tu, geji ya RPM iko katikati mbele yako na spidi imeandikwa kwa tarakimu humo humo ndani, na pale ambapo Altezza ingekuwa imeshaomba gia nyingine, hili bado lina safari. Kengele ya kuonya kwamba mizunguko imefika mwisho ikalia. Nilikuwa nimeisahau. Usukani nao ni mwepesi bila kuwa mlegevu: unaona kona, unaifikiria, gari limeshaingia.

Tulipogeuza Mapinga akaomba aendeshe Altezza. Nikakaa kushoto. Ndani ya gari langu sikuwahi kukaa upande ule. Nilingoja moyo uume. Jamaa anaendesha vizuri, gia anazibadilisha kwa kiganja laini, ile 3S-GE ikapita 6,000 na sauti yake ikabadilika kama ninavyoijua, na zile geji ndogo za dashibodi zikacheza kila moja mahali pake. Moyo haukuuma. Nilichokuwa nawaza, nikiwa nimekaa pale, ni kama rota ya nyuma itapata nafuu nikianza kuchanganya oili kidogo kwenye tangi, kama alivyonishauri fundi wa Sinza. Nikamtazama jamaa, anatabasamu peke yake kama mtu aliyesamehewa deni. Nikaona huyu tayari yuko Singida na mimi tayari niko kwenye lile lingine. Kubishana tena kungekuwa kupoteza mafuta.

"Koili nne na plagi nne juu yako," nikamwambia.

"Na ile mbili?"

"Ile mbili ilishasemwa Tegeta."

Akapiga mluzi, akapunguza gia kwa ajili ya tuta. "Sawa. Lakini yule kijana wa pampu wa kwako."

Jumanne tulikwenda kwa wakili, Kinondoni, kuandika mkataba wa kubadilishana kabla ya kupeleka kadi TRA. Wakili alikuwa mahakamani, akatuachia karani wake, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, anayeandika kwa vidole viwili. Akazisoma kadi kwa sauti huku anachapa: namba ya chasi, namba ya injini, rangi, mwaka. Altezza: cc 1998. Akachapa. Akashika kadi ya RX-8, akaisogeza karibu na miwani.

"Cc 1308," akasema. Akanitazama kwa huruma ya mzazi. "Afadhali wewe baba, umefanya la maana. Kwa bei hizi za mafuta, mtu unahitaji hako kadogo."

Mwenzangu akainama chini ya meza kutafuta kalamu, na kalamu ameishika mkononi.