Uzi ulikatika kila mara kwenye mfarishi, dawa ikawa sindano

Nikishona mfarishi kwa mtindo huru, yaani meno ya cherehani yanayosogeza kitambaa yameshushwa na kitambaa nakiongoza kwa mikono, uzi ulikuwa ukitoa manyoya karibu na tundu la sindano, kisha unakatika. Mishono nayo iliruka, hasa kwenye kona. Nikalegeza mkazo wa uzi, nikasafisha sehemu ya bobini. Wapi!

Nilitoa sindano ya kawaida namba 80/12, nikaweka aina ya topustichi (sindano ya mishono ya juu inayoonekana), 90/14. Hiyo 90 maana yake shina lina unene wa milimita 0.9, kwa hiyo halipindi ovyo unapovuta kitambaa chenye pamba katikati. Tundu lake ni kubwa na mfereji wa mbele una kina, uzi unapita bila kusuguliwa. Kupima ni rahisi: pitisha kipande cha uzi tunduni, ukishike kimeinama. Sindano iteleze yenyewe. Ikikwama, tundu ni dogo kwa uzi huo.

Kwa uzi mwembamba sana natumia 75/11, maana 90 huacha matundu yanayoonekana. Na sindano ikianza kulia tak-tak inapotoboa, naitupa, hata kama inaonekana nzima.