Rimoti iligoma, nikakumbuka fizikia
Juzi rimoti ya tivii iligoma, dogo akasema betri zimekufa, mi nikamwambia subiri kwanza. Nikawasha kamera ya selfi, nikaielekezea kile kitaa kidogo cha mbele ya rimoti, nikabonyeza, na kwenye skrini tukaona kinamemeta zambarau hivi, ukitoa simu huoni kitu! Kumbe betri nzima, tivii ndo inasumbua.

Sekondari tulikariri tu aina za mawimbi ya sumakuumeme: redio, maikrowevu, infraredi, mwanga, yuvii, eksirei, gama, kama wimbo wa mchakamchaka, kuelewa sifuri. Sasa rimoti nyingi zinatumia infraredi yenye urefu wa wimbi kama nanomita 940 (nanomita ni mita moja ukiigawa mara bilioni), jicho letu linaishia karibu 700, ila kamera inavuka hapo (ya nyuma mara nyingi ina filta kali zaidi, ndo maana nlitumia ya selfi). Na hayo mawimbi yote ni kitu kimoja, kwenye ombwe (patupu, hata hewa hamna) yanakimbia spidi ileile, kilomita laki 3 kwa sekunde, tofauti ni urefu wa wimbi tu. Mwanaastronomia William Herschel aliigundua infraredi mwaka 1800 kwa prizimu na vipimajoto, kile alichoweka nje ya rangi nyekundu, pasipo na mwanga wowote wa kuona, ndo kikapanda zaidi.

Dogo sasa anapita nyumba za majirani anapima rimoti zao.