Usiifute kwanza, iulize

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye takwimu na darasa la tano, na tangu siku hiyo jambo hili halijanitoka kichwani, naona bora niliandike. Tulikuwa tunatafuta tofauti ya namba kubwa kabisa na namba ndogo kabisa, wengine mnaiita renji, na humohumo nikaingiza namba iliyojitenga, yaani ile moja ambayo zingine zote ziko kule yenyewe iko huku.

Mimi sianzi na kanuni. Niliwaambia kila mtu aandike kwenye kikaratasi anatembea dakika ngapi kutoka nyumbani mpaka shule, kundi moja wakaniletea hizi: 10, 15, 12, 20, 8, 15, 90, 14. Haya, tofauti ni ngapi? Mikono juu kibao, jibu 4. Wamechukua ya mwanzo kwenye orodha, 10, na ya mwisho, 14, wakatoa. Hili kosa nakutana nalo kila mwaka na wala sio uzembe wa mtoto, sisi wenyewe tunawaambia "kutoka mwanzo mpaka mwisho" halafu tunasahau kuwaambia wapange kwanza, ndogo mpaka kubwa. Wengine wakaandika "8 hadi 90" wakaishia hapo. Hapana, tunataka namba moja, kubwa toa ndogo, 90 toa 8, dakika 82.

Sasa hapo ndipo pananoga. Nikasogeza madawati, nikachora mstari wa namba sakafuni kwa chaki, kila mmoja akapewa kizibo cha soda aweke kwenye dakika zake. Vile vizibo vikajazana huku mwanzoni, vya 15 viwili kimoja juu ya kingine, halafu kimoja kikaenda mpaka karibu na mlango peke yake. Sikuhitaji kueleza kitu, darasa zima limegeuka linaangalia mlangoni. Kuna kanuni za wakubwa za kuamua namba imejitenga au la, kama ile ya John Tukey wa Marekani ya kugawa data robo robo, ila kwa mtoto wa miaka kumi macho na vizibo vinatosha kabisa.

Nikawaambia toeni kile cha mlangoni tuone. Zilizobaki kubwa ni 20, ndogo 8, tofauti imeshuka kutoka 82 mpaka 12! Kizibo kimoja tu. Tukapiga na wastani, na 90 ikiwemo jumla ni 184, gawa kwa 8 unapata 23, na ukiangalia vizuri watoto saba kati ya nane hawafiki hata hiyo 23, sasa huo wastani ni wa nani? Ukiitoa unapata 13 na kidogo, na hapo wale saba wanajiona.

Dogo mmoja akasema, "Madam, basi tuifute, atakuwa amekosea." Nikashtuka kwa sababu hilo neno ndilo nililowahi kulisema mimi. Mwaka fulani nilimwambia binti mmoja mbele ya wenzake kwamba 90 haiwezekani, andika upya, akaandika 20 akakaa kimya, na baadaye sana ndio nikaja kujua kweli alikuwa anatoka mbali, ng'ambo ya mto, anatembea saa nzima na nusu kila asubuhi. Ile 20 niliyomlazimisha ndio ilikuwa ya uongo. Inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo safari hii nikasema hatufuti, tunamuuliza mwenyewe. Mwenyewe akasimama akaeleza njia anayopita, shamba kwa shamba mpaka barabara kubwa. Basi 90 ni ya kweli, inabaki, kizibo kikarudi mlangoni.

Ila sio kila iliyojitenga ni ya kweli. Siku iliyofuata niliuliza wanaamka saa ngapi wakaleta 11, 12, 11, 12, 5, 11. Tofauti 7. Wote wakamwangalia mwenye 5, huyu anaamka saa tano asubuhi shule anakuja saa ngapi? Tukamuuliza, kumbe ameangalia kwenye simu ya mama yake, imeandika 5:00, ambayo kwetu ndiyo saa kumi na moja alfajiri. Hajakosea kusoma, ametumia saa nyingine tu. Tukairekebisha ikawa 11, tofauti ikawa 1. (Walimu, data za saa ziwe za mwisho, maana angekuwepo wa saa moja angeandika 1, ingeonekana iko mbali sana na 12 wakati ni saa moja tu mbele.)

Tukamalizia na maziwa yetu, kina cha pale penye kina kirefu zaidi, kwa mita: Victoria kama 80, Albert 58, Edward 112, Turkana 109, Tanganyika 1,470. Bila Tanganyika tofauti ni 54, ukiiweka inaruka mpaka 1,412. Mstari wa sakafuni haukutosha, kizibo cha Tanganyika kingebidi kipelekwe huko nje uwanjani, na walitaka kweli kukipeleka. Yule yule dogo wa kufuta safari hii akanyoosha mkono akauliza, "Madam, sasa Tanganyika tumuulize nani?"

Nikafuta ubao nikaanza kuwachorea Bonde la Ufa, jinsi ardhi ilivyopasuka ikashuka taratibu kwa mamilioni ya miaka, mpaka kengele ikagongwa.